Hesabu Miaka Yake, Si Maneno Yake: Vidokezo kwa Mzazi wa Mtoto Mwenye Usonji Anayekaribia Kubalehe

Kama una mtoto mwenye usonji na ameshatimiza miaka minane, vidokezo hivi ni vyako, hata kama bado unamwogesha, unamfunga vifungo na kumtilia uji kwenye kikombe kilekile cha bluu. Ni vyako pia wewe dani, bibi unayelea mjukuu huko Karachuonyo huku mamake akitafuta riziki Nairobi, na wewe shangazi wa Kehancha ambaye mtoto huyo hulala kwako siku za shule. Mtoto wa miaka 11 anayesema maneno matano ana mwili wa miaka 11. Majirani, walimu na wahuni wa sokoni watauona mwili huo kabla ya kuuona usonji wake. Heri wewe uwe wa kwanza.

1. Anza kuangalia mapema

Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Usonji wenyewe hauchelewishi mambo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwakuta wasichana wenye usonji wakiwatangulia wenzao kwa takriban miezi tisa.

Kama kukumbuka miaka ni shida, kumbuka chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwezi Oktoba 2019. Wahudumu wakifika shuleni na sindano hiyo, muda wa mazungumzo nao umefika. Na wako achanjwe kama wengine. Kuna wazazi husema, "Huyu wangu haihitaji, hataolewa." Saratani haiulizi cheti cha ndoa.

2. Kwa msichana, kifua hutangulia

Dalili ya kwanza kwa wengi ni uvimbe mdogo mgumu chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja tu. Upande wa pili hufuata baadaye. Uvimbe huo unauma ukiguswa, na mama akiukuta wakati wa kuogesha hushtuka akidhani ni jipu au saratani. Usiuminye, usiukande, wala usimruhusu jirani mwenye sifa ya kukanda watoto aushughulikie.

Mtoto asiyeongea hatakuambia panauma. Atakataa sare aliyoivaa mwaka mzima bila neno. Atavuta sweta mbali na kifua, ataacha kulala kifudifudi, atakuchapa kofi ukimfikia kifuani na sabuni. Shuleni wataandika "mkaidi". Mtafutie fulana laini ya pamba ya kuvaa ndani ya sare, ukate lebo ya shingoni, na kama mishono inamkera, mvalishe ikiwa imegeuzwa nje ndani. Sidiria inaweza kungoja. Ikifika zamu yake, aivae dakika chache nyumbani kwanza, siku baada ya siku, kabla ya kwenda nayo shuleni.

Halafu andika tarehe mahali. Tangu kifua kianze hadi hedhi ya kwanza hupita takriban miaka miwili, pengine miwili na nusu. Ute mweupe ukianza kuonekana kwenye chupi, mara nyingi umebakiwa na miezi sita hadi mwaka mmoja. Hiyo ni notisi ndefu kuliko anayokupa mwenye nyumba, kwa hivyo itumie.

3. Kwa mvulana, usingoje sauti

Sauti kukwaruza na ndevu kuota huja nyuma. Kinachotangulia ni korodani kukua na ngozi ya mfuko wake kuwa nyembamba. Nywele na urefu wa uume hufuata. Hayo hayaonekani mtoto akiwa ameketi sebuleni. Anayemwogesha ndiye atakayejua, na ningependa awe baba, mjomba au kaka mkubwa, ikiwa yupo anayeaminika. Usimgeuze mtoto mtu wa kukaguliwa kila jioni. Kutupa jicho wakati wa kuoga kunatosha.

Uume kusimama asubuhi na shuka kulowa usiku ni mambo ya kawaida. Mwambie kabla hayajatokea: "Usiku maji meupe yanaweza kutoka. Si mkojo. Si ugonjwa. Vua chupi, weka kwenye beseni." Maneno machache, yaleyale kila mara, na umwonyeshe beseni lenyewe.

Wavulana wengi huvimba kidogo chini ya chuchu kwa muda, kisha uvimbe huisha wenyewe. Lakini kama wako anatumia risperidoni, dawa ambayo baadhi ya watoto wenye usonji hupewa kutuliza hasira kali, mwambie daktari. Dawa hiyo yaweza kukuza matiti ya mvulana, na kwa msichana kuvuruga hedhi au kutoa maziwa. Usiikatize ghafla kwa uamuzi wako.

4. Viatu, kwapa, chunusi

Miguu hurefuka kabla ya kimo. Viatu vya Januari vikibana Mei, mtoto huenda asilalamike: atavivua darasani na wewe utaitwa na mwalimu. Jasho nalo huanza kunuka. Usimfurikishie manukato, kwa kuwa pua yake inaweza kuyakataa kabisa. Sabuni isiyo na harufu kali, kwapani na sehemu za siri, saa ileile kila siku.

5. Hasira mpya: pima kwanza, hukumu baadaye

Mtoto aliyetulia miaka mitatu ameanza kujiuma mikono, kulia usiku, kukimbia nje ya boma. Wakubwa watasema amerudi nyuma. Wengine watanong'ona kuhusu chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa. Usigombane nao, kwani ugomvi huo hauna mshindi na utawahitaji kesho. Ila mpeleke mtoto apimwe.

Kando ya ziwa, la kwanza ni malaria, na kipimo chake ni tone la damu na dakika chache. Kisha meno, masikio, choo kigumu, mkojo unaochoma. Haya yakiondolewa na tabia ikaendelea, fikiria kubalehe: kichwa kinachouma, tumbo la chini, usingizi uliovurugika, hisia ambazo hajui ni za nini.

Chukua daftari la shilingi ishirini. Kila jioni andika mstari mmoja: amelala vipi, amekula nini, amelia saa ngapi, ameshika wapi mwilini. Baada ya miezi mitatu utaona kama vurugu hurudi karibu tarehe zilezile. Kwa msichana ambaye hedhi imeshaanza, siku chache kabla ya damu mara nyingi ndizo ngumu zaidi, na ukishalijua hilo utampunguzia kelele na safari za sokoni siku hizo, na kumuuliza muuguzi kuhusu dawa ya maumivu mapema.

6. Degedege bila homa si malaria

Kwa watu wenye usonji, kifafa hupenda kuanza katika vipindi viwili: utotoni kabisa, na tena katika ujana. Huku kwetu kila mtoto akitetemeka mikono tunasema ni malaria imepanda kichwani, na wakati mwingine ni kweli. Lakini ikitokea bila homa, au ukiona mtoto anaganda ghafla macho yakiwa wazi, haitiki hata ukimgusa, kisha anaendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kilichotokea, nenda hospitali. Mrekodi kwa simu, sekunde thelathini tu. Daktari atajifunza mengi zaidi hapo kuliko katika maelezo yako.

Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni wala usimminye mikono. Dakika tano zikipita bila kukoma, ni dharura. Na mpaka daktari aseme, asiachwe peke yake majini wala jikoni kwenye mafiga.

Mama wa msichana, uliza pia jina la dawa ya kifafa aliyoandikiwa. Sodiamu valproeti inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni mimba ikiingia, hivyo msichana anayebalehe anastahili daktari alizungumze jambo hilo waziwazi na kutafuta dawa nyingine inapowezekana.

7. Ufuoni, nguo zinavuliwa wapi?

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningekupa kama ningeruhusiwa kimoja tu.

Mbita, Kendu Bay, Muhuru, kando ya mto Kuja, watoto wadogo huoga uchi mchana kweupe na hakuna anayegeuza shingo. Mtoto wa kawaida akifika miaka tisa au kumi huanza kuona haya mwenyewe. Anawaona wenzake wamehamia upande wa wavulana, anawafuata. Hakuna aliyemfundisha. Mtoto mwenye usonji mara nyingi haioni ishara hiyo. Yeye ana kanuni: tukifika majini, nguo zinavuliwa. Uliikubali alipokuwa na miaka sita, na ataishika kwa uaminifu akiwa na kumi na nne, mbele ya wanawake wanaoanika omena. Hapo watu hawatasema "mtoto". Watasema mengine, na pengine watashika mawe.

Basi badilisha kanuni kabla mwili haujabadilika. Nguo zinavuliwa bafuni, au nyuma ya pazia, mlango ukiwa umefungwa. Majini anaingia na kaptura, kila mara, hata kama ni asubuhi na ufuo uko mtupu. Usimruhusu leo na kumkataza kesho, maana yeye hasomi mazingira, anasoma kanuni. Na ninyi watu wa nyumbani mjifunike vilevile. Baba anayekatiza uani na taulo begani anafundisha somo la kinyume.

Kuhusu kujishika sehemu za siri: kutatokea, kwa wavulana na wasichana pia. Usimchape wala usimwambie ataoza mkono. Mwelekeze tu mahali: "Chumbani, mlango umefungwa." Kama nyumba ni ya chumba kimoja, na nyumba nyingi ni hivyo, leso iliyoning'inizwa kando ya kitanda ndiyo chumba chake, na kila mtu aiheshimu. Akishika sana hadi kujiumiza, au akijikuna muda wote, mkague kama ana maambukizi kabla ya kudhani ni tabia.

8. Hedhi ifanyiwe mazoezi kama wimbo wa tamasha

Sodo ina karatasi inayopasua masikio ikifunguliwa, gundi inayoshika vidole, na unene mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kitu. Kwa mtoto anayekerwa na mshono wa soksi, hayo ni mengi kwa siku moja, tena siku ambayo ameona damu na kudhani ameumia. Yatenganishe. Mwezi huu ashike sodo na kuicheza tu. Mwezi ujao aibandike kwenye chupi. Kisha aivae dakika kumi akitazama katuni, kisha saa moja. Mjaribishie na zile za kitambaa zinazofuliwa, kwani wengine huzipenda zaidi kwa ulaini. Dondoshea sodo moja maji yenye rangi nyekundu ili azoee kuona.

Mpigie picha kwa simu hatua zote kwa mpangilio: choo chenu wenyewe, mlango wenu, ndoo yenu, pipa lenu. Picha za choo cheupe cha Ulaya kutoka mtandaoni hazimsaidii anayetumia choo cha shimo Ndhiwa. Dada au mama amwonyeshe sodo yake iliyotumika, bila uso wa kuchukizwa.

Shuleni dai haki yake. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yanataka kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha. Sheria haijasema "isipokuwa wa kitengo maalumu". Muulize mwalimu mkuu, tena kwa upole wa mtu atakayerudi wiki ijayo kuuliza tena.

9. Kuhusu simba na nyumba ya dani

Mila ya Kijaluo ina utaratibu wake. Mvulana akipevuka halali tena katika nyumba ya mamake; anahamia simba, nyumba ya kijana ambaye hajaoa. Wasichana nao, zamani, walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na huko ndiko walikofundishwa mwili ni nini na wanaume ni nini. Siwindhe kama ile imebaki kwenye hadithi, lakini madani wangali wapo, na mtoto mwenye usonji hufaidika sana na mtu mmoja asiye na haraka anayerudia jambo lilelile kila usiku. Kama dani yupo na ana subira, mkabidhi kazi hiyo rasmi.

Simba ni suala jingine. Mvulana anayezurura usiku, mwenye kifafa, au asiyeweza kufunga mlango kwa ndani hafai kulala peke yake kwa sababu tu sauti yake imevunjika. Kaeni na wazee mapema. Zipo njia: chumba chenye mlango wake ubavuni mwa nyumba, au simba moja na kaka au binamu anayeaminika. Ahamishiwe godoro na blanketi yake ileile, aanze kwa kulala mchana, kisha usiku mmoja mmoja. Anayemhamisha ghafla jioni moja kwa kuwa wageni wanakuja atamtafuta alfajiri barabarani.

10. Desemba Kuria, na wakati wowote kando ya ziwa

Msimu wa tohara Kuria una filimbi, umati, nyuso zilizopakwa, na maumivu. Kwa mtoto anayeziba masikio mashine ya kusaga ikiwashwa, hiyo ni adhabu. Familia inaweza kumpa mvulana wake heshima ya kutahiriwa bila umati: hospitalini, kwa ganzi, baada ya kutembelea chumba hicho mara kadhaa. Upande wa ziwa, ambako tohara ya hiari ya kitabibu imekuwa ikitolewa tangu 2008, tahadhari yangu ni moja. Asichukuliwe tu kwenye gari pamoja na wenzake kwa sababu hakusema hapana.

Msichana hakeketwi. Sheria ya 2011 inakataza, na ulemavu haubadilishi kitu.

11. Jina la kila kiungo, na nani anaruhusiwa kukigusa

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay na Migori, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Kwa nchi nzima ni asilimia 15. Msichana asiyeweza kusimulia anawindwa zaidi, na mvulana pia. Mara nyingi mwindaji anajulikana nyumbani.

Mfundishe majina halisi ya viungo, katika lugha ya nyumbani, iwe Kijaluo, Kikuria au Kiswahili. Kama haongei, mpe picha ya mwili aonyeshe kwa kidole. Orodhesha kwa picha wanaoruhusiwa kumsaidia chooni: wawili au watatu, basi. Na acha kumlazimisha kumkumbatia kila mgeni. Anayezoezwa kwamba mtu mzima akitaka kumshika lazima akubali hatajua siku ya kukataa.

Likitokea la kutokea, usimwogeshe, usifue nguo zake. Zitie kwenye mfuko wa karatasi na mwende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Simu 1195 hupokea kesi za ukatili wa kijinsia na 116 ni ya watoto, zote bila malipo. Asije mzee yeyote na mbuzi wa kusuluhisha. Na usiambiwe kesi haina mbele kwa kuwa mtoto haongei: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaruhusu shahidi kama yeye atoe ushahidi kupitia msaidizi.

12. Lini umwone daktari kwa sababu ya kubalehe kwenyewe

Msichana akiota matiti kabla ya miaka minane, au mvulana akionyesha dalili kabla ya tisa, nenda. Vivyo hivyo msichana akifika 13 bila dalili ya kifua, mvulana 14 bila mabadiliko, au msichana 15 bila hedhi. Eneo letu lina selimundu nyingi, na selimundu huchelewesha kubalehe, kwa hiyo kama mtoto hajawahi kupimwa, omba kipimo hicho. Utapiamlo pia huchelewesha, na watoto wenye usonji wanaokula vyakula vitatu pekee hawakosi kuwa hatarini hata wakionekana wanene.

Zahanati ya karibu ikikutuma mbele, hospitali za rufaa za kaunti zipo Homa Bay mjini na Migori mjini. Beba daftari lako, video za simu, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, na kitu kimoja anachopenda kushika. Fika mapema, umwendee muuguzi wa mapokezi kabla ya kuketi, umweleze kwamba mtoto ana usonji na benchi la saa mbili halitawezekana. Wengi watawapitisha. Wasipowapitisha, mwache mtu kwenye foleni, ukae na mtoto chini ya mti mpaka jina lake liitwe.